Jamii Hiyo Ni Nani?

Mwezi uliopita nilialikwa, kama mzee wa mtaa, katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wanasimama mbele ya wenzao kuwasilisha kazi walizozifanya kwa vikundi juu ya matatizo ya jamii. Vikundi vilikuwa sita. Kimoja kilisema juu ya talaka, kimoja juu ya ndoa za wasichana wadogo, kimoja juu ya ukosefu wa kazi, kimoja juu ya madawa ya kulevya, na viwili sikumbuki, kwani vilirudia maneno yale yale. Nilitoka pale na huzuni, na huzuni hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Wapo masheikh wenzangu watakaodhani nalaumu kule vijana kukaa na kujadiliana. La, hasha. Hilo ni jambo letu la zamani. Sisi tuliosoma chuoni, darsa ikimalizika tulikuwa tukikaa watatu wanne tukifanya mudhakara, huyu akimsahihisha mwenzake. Lakini kesho yake kila mmoja alisoma mbele ya sheikh kwa ulimi wake mwenyewe. Ukikosea irabu ulirudishwa wewe, hakurudishwa jirani yako. Haikuwapo maksi ya kundi.

Pale shuleni nikaona nini? Watano wamesimama ubaoni, mmoja asema, wanne wameshika karatasi kubwa ya rangi kama walioshika pazia. Katika kikundi cha ndoa nilimwuliza mmoja wa wale washika pazia, sheria yasemaje juu ya umri wa msichana kuolewa? Akamtazama msemaji. Msemaji akanijibu upesi upesi bila kutaja sheria yoyote. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesikia kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka miaka 15 kwa msichana na 18 kwa mwanamume, wala kuwa Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba jambo hilo linapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikalithibitisha mwaka 2019. Wanavyuoni wana maneno yao katika mas-ala haya na mahakama ina maneno yake, na anayesimama kufundisha wenzake yampasa ayajue yote mawili. Imepokewa kuwa Imam Malik aliulizwa masuala 48, na katika 32 akasema hajui. Vijana wetu niliwauliza masuala matatu, wakayajua yote.

Lakini siwalaumu wao kwanza. Namlaumu mwalimu aliyesifu unadhifu wa karatasi na asiulize swali hata moja. Na kila kikundi kilimaliza kwa mapendekezo, na mapendekezo yalikuwa hayo hayo: serikali itoe elimu, wazazi watoe elimu, viongozi wa dini watoe elimu, jamii ibadilike. Nikawa najiuliza, jamii hiyo ni nani? Yakaa mtaa gani? Maana walivyoisema ungedhani ni watu wa ng'ambo ya bahari, na wao wasemaji wamepita njia tu.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Sahifa huko Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, hakuandika hivyo. Aliwasema Waislamu wa pwani kwa uzembe wao katika elimu na kwa mali waliyoiteketeza katika sherehe, na hao aliowasema ndio waliomsoma, ndio aliosimama nao safu moja msikitini. Kusema hivyo kwamgharimu mtu kitu. Kusema "jamii" hakumgharimu mtu hata senti.

Sasa nije kwenye kikundi cha madawa ya kulevya, ambacho ndicho kilichonikosesha usingizi. Walitupa habari za Marekani nyingi, na sababu tatu: umaskini, makundi mabaya, kukosa elimu. Hawakutaja kwamba hapa hapa, Muhimbili, tangu mwaka 2011 mateja hupewa dawa ya methadoni bure, wakaja kila siku kuinywa mbele ya mhudumu, na kwamba baadaye huduma hiyo ilifika Mwananyamala na Temeke. Ni mwendo wa daladala moja tu! Wangekwenda wakauliza, wakasikiliza, wakarudi na neno moja la kweli.

Na katika wale watano alikuwapo kijana ninayeijua nyumba yao. Sitasema zaidi, ila kwamba yeye hakuhitaji kwenda Muhimbili wala popote ili kuyajua madhara ya unga. Alishika ncha ya karatasi, akatazama chini muda wote. Yule aliyekuwa na elimu ndiye aliyenyamaza, na asiyekuwa nayo ndiye aliyesema, na wote wakapata maksi sawasawa.

Iliposomwa "viongozi wa dini watoe elimu", kijana yule akainua macho akanitazama mimi. Naam, alikuwa na haki. Ndugu yake alikuwa akija kulala barazani kwa msikiti wetu. Viatu vikaibwa, hatukumkamata na kitu, lakini sisi wazee tulikaa kikao tukaamua atolewe, nami nilikuwamo, na mkono niliunyosha. Kisha Ijumaa ile ile nikapanda mimbari nikahutubia juu ya madhara ya madawa ya kulevya, nikasema jamii ibadilike. Surat As-Saff yawakemea waumini wanaosema wasiyoyatenda, na mimi nimeisomesha sura hiyo miaka zaidi ya thelathini.

Nimemwandikia mwalimu barua. Nimemwomba kikundi kile kiirudie kazi yake, kila mmoja asimame peke yake, na mimi niketi pale waniulize kwa nini tulimfukuza mtu yule, na nani kati yetu alikwenda kumtazama baada ya hapo. Nimesema pia kwamba kijana yule asilazimishwe kusema lolote asilolitaka. Mpaka napeleka makala haya kwa mhariri, jibu sijapata.