Maarifa kwa Jamii: Metali Yenye Mapovu

Nyundo ni mahali katika wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, na kwa Waswahili jina hilo ni la kifaa cha mhunzi. Mama wa huko anapoketi uani kusugua visigino kwa jiwe la volkano, aghalabu hafikirii kwamba ameshika mkononi somo kubwa la uhunzi. Mawe hayo, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa amakoro, yametapakaa karibu na milima ya volkano. Mengi yana vitundu tele, na kwa sababu hiyo ni mepesi kuliko mawe mengine ya ukubwa ule ule.

Asili ya vitundu hivyo ni hewa. Mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi huwa na gesi ndani yake. Unapopanda juu, mgandamizo hupungua, gesi hutoka na kufanya mapovu. Mwamba ukipoa upesi, mapovu hunaswa humo humo. Wakazi wa Goma na Gisenyi waliuona moto wa mlima Nyiragongo mwaka 1977, mwaka 2002 na tena Mei 2021.

Mafundi wa metali wameiga kazi hiyo ya maumbile. Mwaka 1948 Benjamin Sosnick alipata hataza nchini Marekani ya kutia mapovu katika alumini kwa mvuke wa zebaki. Zebaki ni sumu, na njia zinazotumika leo ni nyingine. Mojawapo hufanana na kuoka mkate. Unga wa alumini huchanganywa na unga kidogo wa haidraidi ya titani, ambao ndio hamira yake. Mchanganyiko hushindiliwa hata uwe kipande kigumu, kisha hupashwa moto. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Sentigredi. Hamira ile hutoa gesi ya haidrojeni, na metali huumuka. Hapo hapo hupozwa kabla mapovu hayajapasuka. Kinachopatikana aghalabu ni hewa kwa zaidi ya robo tatu ya ujazo wake, na kipande huweza kuelea majini.

Kazi ngumu ni kuunganisha. Fundi akikichomelea kama anavyochomelea lango la chuma, kuta nyembamba za mapovu huyeyuka na kuporomoka. Tena alumini ina ngozi nyembamba ya kutu yake yenyewe, isiyoyeyuka mpaka kiasi cha nyuzi 2,000. Ndiyo sababu fundi asiye na dawa ya kuondoa ngozi hiyo, akijaribu kuziba sufuria, hulipanua tundu badala ya kuliziba. Ajabu ni kwamba ngozi hiyo hiyo imsumbuayo mwunganishaji ndiyo inayosaidia kuzishika kuta za mapovu zisianguke wakati wa kuumuka. Kwa hiyo metali hii mara nyingi huunganishwa kwa gundi imara, kwa lehemu isiyohitaji joto la kuiyeyusha, au huumuliwa katikati ya mabati mawili ili ishikane nayo tangu mwanzo.

Je, taabu yote hiyo ni ya nini? Faida kubwa ni kupokea pigo. Metali hii inapogongwa, mapovu hupondeka safu baada ya safu, na nguvu ya pigo huishia humo badala ya kumfikia mtu. Huokoa kwa kujitoa mhanga, na ikiisha kupondeka haipokei tena pigo la pili.

Hapa ndipo somo linapoingia nyumbani mwa askari. Kofia ngumu ya mwendesha pikipiki haina metali hiyo, lakini ndani yake mna povu la plastiki lifanyalo kazi kwa kanuni ile ile. Kofia iliyopata ajali huweza kuonekana nzima kwa nje, rangi yake ikimeta, ilhali povu la ndani limekwisha kupondeka. Baba akimpa kijana wake kofia kama hiyo kwa kuwa ingali nzuri machoni, amempa ganda tupu. Hapana budi kofia iliyogongwa kwa nguvu iondolewe kazini, na mpya inunuliwe, ijapokuwa bei inauma.

Kadhalika mama asinunue kofia iliyotumika asiyoijua historia yake. Kizuri cha nje si lazima kiwe kizima ndani. Fundi hulijua hilo kwa metali, na familia yafaa ilijue kwa kofia.