Safari ya Kasese na Bwera

Kila likizo nasafiri toka Kasese mpaka Bwera, na njia hiyo naipenda kuliko zote. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 haichukui tena abiria. Basi twapanda teksi, tukabanana kama dagaa. Wenzangu, ondokeni asubuhi, mizigo iwe michache. Karibu na Kikorongo, penye Ikweta, tazameni mbugani. Huenda mkaona tembo.

Lakini neno kubwa ni hili. Wakonzo wa huku na Wanande wa Kongo ni ndugu, nao wengine hutembeleana kwa njia za panya. Mimi sikubali. Juni 2019 Ebola iliingia Uganda kutoka ng'ambo. Yatupasa kupita Mpondwe. Kukiwa na foleni ya kupimwa joto na kunawa mikono, tupange; bibi yangu yuko Bwera, naye ni mzee.