Historia ya Shinikizo la Damu Katika Ukoo Ni Onyo kwa Wenye Afya Njema

Mvuvi wa Kasanga, wilayani Kalambo mkoani Rukwa, anayevuta nyavu usiku kucha katika Ziwa Tanganyika hujihesabu kuwa mzima. Hata hivyo, endapo baba au mama yake aliugua shinikizo la juu la damu, uzima huo unapaswa kuthibitishwa kwa kipimo.

Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonesha kuwa watoto wa wazazi wenye ugonjwa huo wanaweza kuwa na ateri ngumu kuliko wenzao, hata wakati shinikizo lao bado ni la kawaida. Ateri yenye afya hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hurejea katika hali yake. Inapokakamaa, wimbi la damu husafiri kwa kasi zaidi, moyo huelemewa, nao ubongo na figo hupokea mapigo makali. Mwisho wake waweza kuwa kiharusi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulibaini kuwa takribani mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa kiwango hicho, koo nyingi zinaguswa.

Barabara ya lami ya Sumbawanga–Matai–Kasanga imerahisisha safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, lakini ugonjwa huu mara nyingi hauna maumivu yanayomfanya mtu aanze safari. Ndiyo maana Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliozinduliwa mwaka 2024, una umuhimu wa pekee. Mhudumu anayeingia katika kaya anaweza kuuliza ni nani katika ukoo aliyeugua shinikizo la damu au kupooza, na kuwaelekeza ndugu zake zahanati kupimwa. Swali hilo halihitaji mashine wala gharama.

Urithi si hukumu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, ushauri wenye uzito mahali ambapo samaki hukaushwa kwa chumvi. Kuacha tumbaku, kupunguza pombe na kufanya mazoezi pia husaidia. Shinikizo linalofikia 140/90 katika vipimo vya siku tofauti humhitaji daktari. Kwa mwenye historia ya ukoo, kupima kusisubiri dalili.