MC WA MTWARA, ACHA KUWASAMEHE WATU MIJI!

Kuna MC mmoja wa Mtwara, jina kapuni, anayejaza kumbi za Shangani kwa vitendawili. Watu wanamkubali kinoma. Ila mchezo anauua.

Mtu akishindwa, MC anacheka, anataja jibu, anatega kingine. Mji haombi! Sasa aliyeshindwa kapoteza nini? Kitendawili kina bei yake: ukishindwa unatoa mji, na unauchagua mwenyewe. Mtu wa Mikindani akitoa Mikindani, ukumbi mzima unamzomea. Mjanja akitoa Palma, kule ng'ambo ya Ruvuma, kakwepa kutoa cha kwao, na mtegaji ana haki ya kuukataa. Utamu uko hapo.

Wanaomtetea wanadai hataki kuaibisha wageni. Acheni hizo! Mbona dada mmoja alipojibu "kaburi" kwenye "nyumba yangu haina mlango" alikatwa kauli, eti karatasi ya MC inasema "yai"? Angeachiwa ajitetee, ukumbi uamue. Kwa huyu MC kushindwa hakuumi, na kufikiri hakulipi.

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, una mwendeshaji wa kazi hiyohiyo: mchezaji anaamua, yeye anamwonyesha uamuzi wake umezaa nini. Mabibi wa Mtwara walilijua hilo bila kitabu.

MC, tupa hiyo karatasi, omba mji. Na mtu akitoa Mtwara, chukua Mtwara.