Ufunguo wa Sabaki Uko Ukambani

Sisi wa Mambrui tangu utotoni hatukuhitaji redio kujua kwamba mvua imenyesha Ukambani. Bahari ikigeuka nyekundu, mzee mmoja huinua mkono pale barazani akasema, "Wakamba wamepata." Basi wenye mashamba kando ya Mto Sabaki huenda kuondoa mbuzi wao.

Mto huo ni Athi uliobadili jina njiani. Ukifika Tsavo huitwa Galana, kwetu Sabaki. Na pale Athi unapokutana na Thwake, mpakani mwa Kitui na Makueni, mwaka 2018 lilianza kujengwa bwawa ambalo ukuta wake ni mita 80 na ushei, la kuweka maji zaidi ya mita za ujazo milioni 600. Ni jambo jema. Nani asiyejua kiu ya Ukambani, ambako akina mama hufukua mchanga wa mto wapate ndoo moja? Sitaki nisikike kama mpwani anayewaonea gere ndugu zake wa bara.

Lakini zamani gharika ilikuwa baina yetu na mvua. Sasa itapita mikononi mwa watu. Bwawa likijaa pomoni, maji ya ziada hayana budi yateremshwe, kwani ukuta wa mawe yaliyorundikwa hauvumilii kupitwa juu na maji. Solai, mwezi wa Mei 2018, bwawa lilipasuka usiku likaua watu zaidi ya 40. Derna, huko Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yalivunjika na maelfu wakaenda na maji. Nasi tusomao Surat Saba habari ya bwawa la Maarib si ngeni kwetu.

Nilikwenda ofisi moja kuuliza: siku hiyo, nani atatuarifu sisi wa mdomoni mwa mto? Nikajibiwa kwamba bwawa liko mbali sana. Mbali! Maji tunayokunywa Malindi na Mombasa hutekwa Baricho, mto huo huo, na tope jekundu lililo mlangoni kwangu limetoka huko huko.

Tangazo la gazetini halimfikii bibi aliyelala shambani. Mpango wa dharura wa Thwake uandikwe mpaka Sabaki, utajwe kila kijiji na mtu wa kupigiwa simu. Msikiti wetu una kipaza sauti, na muadhini huamka kabla ya wote. Nambari yake tutawapa wakiitaka.