Ufunguo wa kiwandani hautoshi kulinda pikipiki ya Mulongo

Kwa mtu wa Mulongo, pikipiki si starehe. Reli ya SNCC inapita Kamina, haifiki huku. Mto Lualaba unabeba mitumbwi na mizigo, lakini mgonjwa anayekimbizwa hospitali, samaki wakavu wanaongojewa sokoni na mwalimu anayefuata mshahara wake, wote wanapanda pikipiki. Ndiyo sababu familia inauza mbuzi na kuweka akiba muda mrefu ili kununua moja. Ikiibwa usiku mmoja, nyumba nzima inarudi nyuma: watoto wanafukuzwa shule, na deni linabaki.

Siku hizi wauzaji wanasifu pikipiki kwa neno jipya: usalama wa kiwandani. Mnunuzi anaambiwa kwamba mashine yake inajilinda yenyewe, na bei inapanda. Tunaona ni vizuri kuuliza kabla ya kutoa dola: usalama huo unalinda nini, na unashindwa wapi?

Kuna aina tatu ambazo msomaji wetu anaweza kukutana nazo.

Ya kwanza ni kifunga usukani. Unageuza usukani upande mmoja, unazungusha ufunguo, na pikipiki haiwezi kusukumwa kwa kunyooka. Karibu kila pikipiki ya India au China inayopita barabara zetu, iwe TVS, Bajaj Boxer au Haojue, inatoka nacho kiwandani. Faida yake ni kubwa: hakitumii batri, hakiharibiwi na mvua, na hakiongezi bei. Udhaifu wake ni kwamba mtu mwenye nguvu anaweza kukivunja, na watu wawili wanaweza kuinua pikipiki nzima na kuitia ndani ya gari au mtumbwi. Lakini udhaifu mkubwa zaidi uko kwetu sisi wenyewe: wamotari wengi hawakitumii. Wanachomoa ufunguo tu na kwenda kula.

Ya pili ni alarmu yenye telekomandi. Mtu akigusa pikipiki, inalia. Katika parsele yenye majirani, kelele hiyo inafanya kazi, kwa kuwa mwizi anaogopa macho ya watu. Lakini alarmu inakula batri hata pikipiki ikiwa imesimama, na batri ya pikipiki ndogo si kubwa. Maji yakiingia kwenye nyaya wakati wa masika, alarmu inalia ovyo au inakataa kuwasha mota. Mwisho wake tunaujua: fundi anakata nyaya zote ili mteja aendelee na safari, na usalama aliolipia unabaki ndani ya karatasi ya mauzo.

Ya tatu ni ufunguo wenye chipu. Huu unapatikana zaidi kwenye pikipiki kubwa za safari ndefu, kama Honda Africa Twin au BMW GS, ambazo kwetu zinaonekana mara chache, mikononi mwa wasafiri wa mbali. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyohitaji batri. Pikipiki inaisoma, na isipoitambua, mota haiwaki. Honda inaita mfumo wake HISS. Kwa mwizi anayetegemea kuunganisha nyaya, mfumo huu ni ukuta mgumu kuliko zote. Hatuwezi kukana hilo.

Lakini ukuta huo unaweza pia kumfungia nje mwenye nyumba. Yamaha, kwenye modeli zake zenye mfumo huu, inatoa funguo tatu: mbili nyeusi za kila siku na moja nyekundu ya kusajili funguo mpya. Kiwanda chenyewe kinaonya kwamba ufunguo mwekundu ukipotea, haiwezekani tena kusajili mwingine, na siku ufunguo mpya utakapohitajika, mfumo mzima lazima ubadilishwe. Mjini Nairobi au Johannesburg, hiyo ni gharama. Katikati ya njia kati ya Mulongo na Kamina, ni safari iliyokufa. Fundi wetu ana spana, bisibisi na akili nyingi, lakini hana kompyuta ya kuzungumza na chipu.

Kwa hiyo kipimo chetu cha kwanza kiwe rahisi: kifaa ambacho hakuna mtu wa kukitengeneza hapa, hata kiwe kizuri namna gani, kesho kitakuwa adui wa mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi. Mifumo hii yote mitatu inalinda pikipiki iliyosimama. Haimlindi motari aliye barabarani, na ufunguo uko ndani, na abiria asiyemjua amekaa nyuma yake. Mwizi wa namna hiyo havunji kifunga usukani. Anamvunja mtu. Hakuna kiwanda duniani kilichopata dawa ya hilo, na tunawaambia vijana wetu bila kuficha: mashine inanunuliwa tena, maisha hapana.

Wilaya yetu ya Malemba-Nkulu inajua bei ya maneno haya. Mwezi wa Novemba 2023, kijana mwendesha pikipiki aliuawa. Lawama zikatupwa juu ya watu wenye asili ya Kasai, na watu wasio na hatia wakashambuliwa na kuuawa, kabla ya hakimu yeyote kusema neno. Damu ya motari ililia haki. Haikuomba damu ya jirani. Pale ambapo hakuna hati, hakuna namba iliyoandikwa na hakuna uchunguzi, uvumi unachukua kiti cha hakimu.

Wengine wanasema dawa ni kifaa cha GPS, kinachoonyesha pikipiki iko wapi. Katika Kenya na Uganda, kampuni zinazotoa pikipiki kwa mkopo huvifunga ili zisipoteze mali yao. Serikali ya Uganda ilikwenda mbali zaidi. Baada ya mauaji yaliyofanywa na watu waliopanda pikipiki, mwaka 2021 ilifanya mkataba na kampuni ya Urusi ili kuweka vifaa vya kufuatilia magari na pikipiki zote, na plaki mpya zikaanza kutolewa mwishoni mwa 2023. Raia wengi wa huko wamelalamikia gharama, na wanauliza ni nani anayetazama safari zao. Kwetu kuna swali la mbele zaidi: GPS inahitaji mtandao wa simu ili kutuma habari, na kila anayesafiri upande huu anajua ni kilomita ngapi simu inakaa kimya.

Tunapendekeza nini basi? Si kukataa teknolojia, ila kuanza na ile tunayoweza kuitawala.

Funga usukani kila unaposhuka, hata kwa dakika tano. Ongeza mnyororo na kufuli, na usiufunge kwenye gurudumu peke yake bali kwenye mti au nguzo. Ukinunua pikipiki yenye alarmu, dai telekomandi mbili, na mwombe fundi akuonyeshe nyaya zake kabla ya kulipa. Ufunguo wa akiba ubaki nyumbani, usiende nao safari moja na ule mwingine.

Kisha tufanye kazi ambayo haihitaji batri. Kila pikipiki ina namba ya shasi na namba ya mota. Chama cha wamotari na ofisi ya usultani waweke daftari moja: namba hizo, jina la mwenye mali, tarehe ya kununua. Yeyote anayeuziwa pikipiki iliyotumika aende kwanza kusoma daftari hilo, na daftari la Malemba-Nkulu liweze kuulizwa kutoka Manono na Kamina. Mwizi anaiba kwa sababu kuna mtu wa kununua.

Kwa viongozi wa jimbo la Haut-Lomami, ombi letu ni moja. Kuandikisha pikipiki kusiwe njia nyingine ya kumkamua motari. Plaki na karte roze zipatikane karibu, kwa bei inayojulikana, ili kijana aone hati kuwa ngao yake na si mtego wa kizuizi cha barabarani. Na pikipiki ikipotea, polisi wapokee namba, waandike, wafuatilie, na watoe jibu. Kila jibu linalotolewa kwa wakati linamnyang'anya mchochezi neno lake.

Kiwanda kilifanya sehemu yake kilipotupa ufunguo. Sehemu iliyobaki, ya kujua hii ni pikipiki ya nani na kumtetea mwenyewe kwa sheria, ni yetu hapa Mulongo, na inaweza kuanza wiki hii kwa daftari moja na kalamu.