Ushauri wa Bwana Shamba: Kipimo Usikipunguze

Ndugu msomaji, mwezi huu sisemi habari za mbolea. Nasema habari za mazoezi ya mwili.

Hapa Chole nilianza kukimbia kila alfajiri. Nilijiwekea kipimo: kutoka pwani penye mashua mpaka kwenye mbuyu mkubwa, na kurudi. Wiki ya kwanza nilifika mbuyuni kila siku. Wiki ya pili nilichoka, nikageuka njiani. Hapakuwa na mtu wa kuniona, ila popo waliokuwa wakirudi mtini kulala. Kesho yake niligeuka mapema zaidi. Siku ya tatu nilibaki kitandani.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kumsaidia mzee mmoja kupanda minazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha kuacha mita 9 kati ya mnazi na mnazi. Jua lilikuwa kali. Nikamwambia, "Mzee, mashimo yaliyobaki tukadirie kwa macho."

Akanitazama, akasema, "Bwana Shamba, kamba si hii hapa?"

Niliona haya. Uvivu wa mbuyuni ulikuwa umenifuata mpaka shambani. Minazi ikisongamana, kosa halionekani mwaka huo. Huonekana baada ya miaka mingi, inapogombania mwanga na kuzaa kidogo.

Mkumbuke John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia mbio ndefu za marathoni katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alianguka, akaumia goti. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kuwa nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, bali kuzimaliza.

Moyo kama huo hauji siku ya mashindano. Hujengwa kidogo kidogo, asubuhi ambazo hakuna wa kukupigia makofi.

Nawe anza. Chagua kipimo unachokiweza, hata kama ni kidogo. Ukiwa na maradhi, uliza kwanza zahanati. Ukiumwa, pumzika. Lakini ukiwa mzima, kifikie kipimo chako kila siku, hata kama huonwi na mtu.

Mimi nimerudi mbuyuni. Na kamba naivuta mpaka shimo la mwisho.